Uliza Draiva Kabla ya Kulipa

Tangu Microsoft ilipoacha kuihudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, kuna mazungumzo yanayojirudia kwenye vibanda vya mafundi wa kompyuta, Kariakoo na hata Luthuli Avenue kule Nairobi. Laptopu nyingi za mtumba zinazoshushwa kutoka Ulaya na Dubai ni za kizazi cha saba cha Intel kurudi nyuma. Windows 11 inataka kizazi cha nane kwenda mbele, na juu yake chipu ya usalama ya TPM 2.0. Mashine ni nzima, betri bado inakaa, kioo hakina mkwaruzo, lakini mwenye mfumo keshasema basi. Fundi mwenye akili anachomeka flashi yenye Linux, mfumo endeshi huria, anaisakinisha, na ndani ya nusu saa kompyuta iliyokwisha kuhukumiwa inafunguka upesi kuliko ilivyokuwa. Sauti inatoka, kamera inaona, kibodi inaitika. Kisha mteja anabofya pale pembeni atafute waifai, na hapo hakuna kitu.

"Fundi, mbona haishiki? Jana ilikuwa inashika."

"Jana ilikuwa Windows, mama. Hii kadi yake ina ukorofi."

Ukorofi huo una jina na una namba. Fundi akifungua dirisha jeusi na kuandika amri ya lspci -nn, ataona mstari unaoitambulisha kadi: 14e4, ambayo ni namba ya kampuni ya Broadcom, kisha nukta pacha na namba ya modeli. Ikiwa ni 4315, hiyo ni BCM4312, kadi iliyojazana kwenye Dell na HP za zama zile za mwaka 2008 na miaka iliyofuata. Akiiuliza kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, iliona nini wakati wa kuwaka, itamjibu kwamba faili la b43/ucode15.fw halikupatikana, na kwamba aende kwenye tovuti fulani akalipakue. Yaani kadi ya mtandao inakutuma mtandaoni ukatafute kitu kitakachoiwezesha kuingia mtandaoni. Mafundi wetu wameshazoea vituko hivyo. Wanachomeka simu kwa kebo ya USB, wanawasha kugawa data, kompyuta inavuta bando kupitia simu, faili linashuka, kadi inaamka. Ikiwa namba ni 4365, yaani BCM43142, habari ni mbaya zaidi, na nitaifikia.

Mashabiki wa Linux hupenda kusimulia mambo haya kama vita kati ya vijana wema na makampuni makatili. Vita ilikuwepo, sikatai, na ina mashujaa wake. Lakini ukiifuatilia toka mwanzo utaona kwamba kwa sehemu kubwa ni habari ya manunuzi. Maombi ya kistaarabu yalileta draiva chache, na mikesha ya vijana ilileta nyingine, mara nyingi nusu nusu na kwa kuchelewa. Zilizokuja zikakaa zililetwa na mnunuzi mkubwa, au anayetarajiwa kuwa mkubwa, aliyesema hanunui bila hiyo. Sisi tunaonunua vifaa kwa makontena hatujawahi kusema hivyo hata mara moja.

Draiva ni programu ndogo inayokaa ndani ya kerneli, na kazi yake ni kujua chipu fulani inaamrishwaje: uandike thamani gani kwenye rejesta ipi, usubiri muda gani, usome jibu wapi. Mwenye kujua hayo ni mtengenezaji. Chini ya draiva kuna programu nyingine inayofanya kazi ndani ya chipu yenyewe, ambayo kwa kadi nyingi za waifai haihifadhiwi humo. Kila kompyuta inapowaka, draiva huichukua kwenye diski na kuisukumia kwenye chipu. Hiyo ndiyo iliyomo kwenye lile faili la ucode15. Kwa hiyo mlango una kufuli mbili. Unaweza kuwa na draiva na bado ukakosa programu ya ndani, kwa sababu tu mwenye mali hajaruhusu watu wengine waigawe.

Kwa nini wafiche? Sababu zilizotajwa ni siri za biashara, hataza, na hofu ya washindani. Kwa chipu za redio kuna sababu ya nne iliyopendwa sana na mawakili: sheria za masafa. Chipu za kisasa huchagua mkondo na nguvu ya mawimbi kwa kuamriwa na programu. Watengenezaji walidai kwamba draiva ikiwa wazi, mtu yeyote ataihamisha redio iende kwenye masafa ya rada au ya polisi, na Tume ya Mawasiliano ya Marekani, FCC, itawashika wao. Hoja hiyo ina ukweli ndani yake, nami siwacheki waliokuwa nayo. Rada za hali ya hewa hutumia sehemu ya bendi ya gigahazi 5, na ruta iliyochezewa inaweza kuziharibia kazi. Ila tazama namna hoja yenyewe ilivyoyeyuka. Mwaka 2006 Intel ilitoa draiva ya kadi yake ya 3945 pamoja na programu iliyofungwa ambayo ilipaswa kukaa macho muda wote kulinda sheria za masafa. Watu walilalamika, kijana mmoja wa OpenBSD, mfumo huria mwingine, akaandika draiva isiyoihitaji kabisa, na mwaka uliofuata Intel yenyewe ikaja na draiva mpya ambamo ulinzi umehamishiwa kwenye programu ya ndani ya chipu. Mlinzi akaondoka, sheria ikabaki. Kumbe iliwezekana siku zote.

Broadcom ndiyo iliyochelewa kuliko wote, na pale ndipo kazi ya kuchokonoa ilipofanywa kwa adabu kuliko popote. Vijana waliotaka draiva ya BCM43xx walijua kwamba wakinakili msimbo wa kampuni wataishia mahakamani. Wakajigawa makundi mawili. Kundi la kwanza lilichukua draiva iliyofungwa, likaipasua, na kuandika kwa lugha ya kawaida tu chipu inavyoendeshwa. Kundi la pili halikuruhusiwa kuigusa draiva hiyo. Lilisoma maelezo na kuandika draiva upya toka mwanzo. Ni kama mmoja aonje pilau na kuorodhesha viungo na vipimo, na mwingine ambaye hajaionja aipike kwa kuifuata orodha. Pilau likaiva. Draiva hiyo iliingia kwenye kerneli 2.6.17 mwezi Juni 2006. Lakini programu ya ndani ilibaki mali ya Broadcom, isiyoruhusiwa kugawiwa, ndipo ikabuniwa zana ya kuikata kutoka kwenye draiva ambayo kampuni imeitoa yenyewe. Mtumiaji apakue draiva, apitishe kisu, atoe kipande anachokitaka, akiweke mahali pake. Hicho ndicho anachokifanya fundi wa Kariakoo mpaka leo anapokutana na namba 4315, hata kama kisu siku hizi kinajiendesha chenyewe.

Septemba 2010 Broadcom ikageuka na kutoa draiva yenye msimbo wazi. Magazeti ya teknolojia yalishangilia. Ukisoma orodha ya chipu zilizohusika, zilikuwa ni zile mpya za wakati huo. BCM4312 haikuwemo, wala nyingine nyingi zilizokuwa tayari mikononi mwa watu. Halafu baada ya hapo kampuni ikauza BCM43142, ile ya namba 4365, ambayo haiendeshwi na draiva ya vijana wala na ile ya wazi. Inaendeshwa na draiva iliyofungwa peke yake, ambayo toleo lake la mwisho ni la mwaka 2015. Kerneli mpya hutoka kila baada ya wiki 9 au 10, na Linux kwa makusudi haiahidi kwamba mambo ya ndani yatabaki kama yalivyo. Kila yanapobadilika, draiva ile ya 2015 inavunjika, na watu wa kujitolea kwenye Debian, mojawapo ya matoleo ya Linux, na kwingineko wanaitia kiraka kingine juu ya viraka vya awali. Ukiuziwa laptopu yenye kadi hiyo, umeuziwa pia foleni ya viraka.

Hapo ndipo wengi hukosea wanapoambiwa "Linux ina draiva ya kadi hii". Swali la maana ni draiva iko wapi. Ikiwa imo ndani ya kerneli kuu, anayebadilisha mambo ya ndani ya kerneli analazimika kuirekebisha na hiyo draiva, kwa hiyo inazeeka pamoja na mfumo. Ikiwa iko nje, kwenye folda ya mtu mmoja mwema aliyeiweka mtandaoni, uhai wake ni uhai wa ari ya mtu huyo. Vidude vya waifai vya USB vyenye chipu ya Realtek RTL8812AU viliuzwa kwa miaka takriban kumi, duniani kote, vikitegemea draiva za nje za namna hiyo. Draiva yake iliingia kwenye kerneli kuu mwaka 2025. Aliyekinunua siku ya kwanza huenda keshakitupa.

Mkasa wa Atheros, kampuni nyingine ya chipu za waifai, unafundisha zaidi. Kadi zake zilipendwa na wajenzi wa mitandao ya waifai, lakini draiva yake ya Linux ilikuwa na kipande kilichofungwa katikati, kwa hoja ileile ya masafa. Theo de Raadt, mzaliwa wa Pretoria aliyekulia Kanada na mwanzilishi wa OpenBSD, alikataa kabisa vipande vya aina hiyo, akawaandikia watengenezaji mmoja baada ya mwingine, na akawahimiza watumiaji wawaandikie pia. Taasisi ya Programu Huria ya Marekani ilimpa tuzo yake ya mwaka 2004 kwa juhudi hizo. Mwenzake wa OpenBSD akaandika kipande mbadala, kukazuka maneno kwamba ameiba, wanasheria wakachunguza mwaka 2007 na kumsafisha, na kutokana na kazi hiyo ikazaliwa draiva ya ath5k. Ilipoingia kwenye kerneli Aprili 2008, Atheros ilikuwa imebakiwa na siri ambayo kila mtu anaijua. Julai mwaka huohuo ikatoa draiva ya chipu zake mpya, ath9k, ikiwa wazi kabisa, na ikamwajiri mmoja wa waandishi wa draiva waliokuwa wakiisumbua.

Na hapa Afrika imo. Mwaka huohuo wa 2008, kule Afrika Kusini, mradi wa Village Telco ulikuwa ukibuni kidude cha kuunganisha simu za vijijini kwa waifai bila nguzo wala kampuni ya simu. Walikiita Mesh Potato. Ndani yake waliweka chipu ya Atheros AR2317 na mfumo wa OpenWrt, ambao ni Linux ya ruta. Walitaka kila nyumba iwe kituo cha kupitishia mawasiliano ya jirani, jambo ambalo draiva ya kawaida haikuwa imeandikwa kulifanya vizuri, kwa hiyo walihitaji chipu ambayo draiva yake inachezeka. Kwao draiva ilikuwa sehemu ya hesabu ya kuchagua chipu. Sijui miradi mingapi ya serikali zetu imewahi kuchagua kifaa kwa kuangalia draiva. Nashuku ni sifuri.

OpenWrt yenyewe ni zao la mabishano kama haya. Ruta ya Linksys WRT54G, ile ya rangi ya buluu na nyeusi yenye masikio mawili, ilikuja na Linux ndani bila kampuni kutoa msimbo kama leseni ya GPL inavyodai. Mwaka 2003 watu wakaligundua hilo, kampuni ikabanwa, msimbo ukatolewa, na mwaka 2004 ukawa mbegu ya OpenWrt. Lakini draiva ya waifai, ya Broadcom tena, haikuwemo kwenye msimbo uliotolewa. Ilibaki faili lililofungwa, lililokusanywa kwa kerneli ya mfululizo wa 2.4. Kwa miaka kadhaa waliotaka waifai kwenye ruta hizo walibaki na kerneli ya zamani, huku kompyuta nyingi za Linux zikiwa zimehamia 2.6, kwa sababu ya faili moja.

Sasa niende kwenye GPS, ambako watu hudhani mambo ni rahisi. Na kwa kiasi ni rahisi kweli. Kipokezi cha GPS cha kawaida, ukikichomeka kwenye kompyuta ya Linux, kinamwaga mistari ya maandishi kila sekunde, kila mmoja ukianza na alama ya dola. Ukiwa Kariakoo utasoma humo 0649 na herufi S, kisha 03916 na herufi E: nyuzi 6 na dakika 49 kusini, nyuzi 39 na dakika 16 mashariki. Huo ni mtindo wa NMEA 0183, ulioandaliwa kwa ajili ya vyombo vya baharini. Programu huria ya gpsd huusoma na kuwagawia wengine. Uswisi kuna kampuni ya u-blox, ambayo imechapisha maelezo ya lugha ya chipu zake kwa yeyote kuyasoma, nayo haijafilisika kwa kufanya hivyo.

Tatizo linaanza mtengenezaji anapotaka chipu iwe ya bei ya chini. Badala ya chipu kupiga hesabu za satelaiti yenyewe, inakusanya mawimbi tu na kuiachia kompyuta ifanye hesabu, kwa programu ambayo kampuni haiitoi. Simu ya Neo 1973 ya mradi wa Openmoko, iliyouzwa kwa waandishi wa programu kuanzia Julai 2007, ilikusudiwa kuwa simu huria. Chipu yake ya GPS ilitoka kwa Global Locate, kampuni iliyonunuliwa na Broadcom mwaka huohuo, na ilikuwa ya aina hiyo. Programu ya kupiga hesabu iliitwa gllin, imefungwa, na ilikusanywa kwa mpangilio wa zamani wa vichakato vya ARM ambao mfumo wa simu yenyewe ulikwisha kuuacha. Ili ifanye kazi, mtumiaji alijenga ndani ya simu chumba kidogo chenye maktaba zote za zamani na kuifungia humo. Simu huria, na ndani yake kijumba cha kumtunza mgeni asiyetaka kusema lugha ya nyumba.

Openmoko ilikuwa mradi mdogo, uliobebwa na kampuni ya FIC ya Taiwan, na haukuwa na ubavu wa kuilazimisha Broadcom. Ilifanya jambo moja tu, ikabadili chipu. Simu iliyofuata, FreeRunner ya mwaka 2008, iliwekewa u-blox. Gllin ikasahaulika.

Kisha ukatokea mkasa ninaoupenda kuliko yote katika habari hizi. FreeRunner mpya zilipofika mikononi mwa watu, GPS haikushika satelaiti, au ilishika baada ya kusubiri mno. Mtu mmoja akatoa kadi ya kumbukumbu ya SD, na satelaiti zikaonekana. Akairudisha, zikapotea. Saa ya umeme inayoendesha kadi ya SD ilikuwa ikipiga kelele za redio karibu na antena, na mawimbi ya GPS ni dhaifu mno kustahimili kelele hizo. Dawa ya vyuma ilikuwa kapasita ndogo ya pikofaradi 10, ichomelewe kwa mkono. Dawa ya programu ilikuwa kuirekebisha draiva ya kadi ya SD ndani ya kerneli, izime saa yake wakati kadi haisomwi. Simu zilizokwisha kuuzwa zikapona kwa kupakua kerneli mpya, bila kurudishwa kiwandani. Fikiria draiva hiyo ingekuwa imefungwa: ugonjwa ungejulikana kila mahali, dawa ingejulikana, na pasingekuwa na mahali pa kuiweka.

Uwazi hauzuii makosa. Gpsd yenyewe ilikuwa na kosa la hesabu ambalo lingerudisha tarehe nyuma kwa wiki 1024, kutoka Oktoba 2021 hadi Machi 2002, kwenye kompyuta zote zinazochukua saa kutoka GPS kwa kutumia matoleo ya 3.20 hadi 3.22. Kosa lilionekana na kusahihishwa katika toleo la 3.23 kabla ya siku kufika, kwa sababu watu wa nje waliweza kuusoma msimbo. Miaka miwili kabla ya hapo, tarehe 6 Aprili 2019, hesabu ya wiki za GPS ilipojaa na kurudi sifuri, mtandao wa redio wa Jiji la New York, NYCWiN, ulizimika kwa siku kadhaa, na tarehe hiyo ilikuwa ikijulikana kwa miongo.

Linganisha tabia mbili mwaka 2014. Vipokezi vingi vya GPS vya bei nafuu hutumia chipu ya kugeuza USB kuwa waya wa kizamani, na moja maarufu ni ya FTDI ya Uskoti, iliyoigwa sana viwandani. Oktoba mwaka huo kampuni ilisambaza draiva ya Windows iliyozitambua chipu bandia na kuzifuta namba ya utambulisho, ikawa sifuri, kifaa kisitambulike tena. Mwenye kifaa hakujua kama chake ni bandia. Alinunua tu dukani kama sisi tunavyonunua. Baada ya kelele, draiva ikaondolewa. Watu wa Linux wakaongeza mstari kwenye draiva yao: kikija kifaa cha FTDI chenye namba sifuri, kipokee. Sitetei bandia. Ila najua ni draiva ipi iliyomtazama mnunuzi na ipi iliyomtazama mshindani.

Msomaji atauliza haya yanatuhusu nini, maana wengi wetu hatuna Linux. Tunayo. Android imejengwa juu ya kerneli ya Linux, na vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Agosti 2022 nchini Tanzania, kisha vikagawiwa walimu, vina kerneli hiyo. Kenya nayo ilianza kugawa vishikwambi kwa watoto wa shule za msingi mwaka 2016. Ndani ya vifaa vya namna hii, draiva za waifai na GPS kwa kawaida huwa ni vile vipande vilivyofungwa, vya toleo moja la kerneli. Mtengenezaji wa chipu akisema chipu ile imepitwa na wakati, kifaa kinabaki na Android ileile, mashimo ya usalama yaleyale, hadi programu mpya zianze kukikataa. Betri inaweza kubadilishwa na fundi wa mtaani, kioo pia, lakini draiva hapana. Tunahesabu umri wa vifaa vya umma kwa uchakavu wa plastiki, wakati kinachoviua ni faili.

Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Ilikuwa kazi nzuri na bado najivunia kwamba ilifanyika hapa. Lakini tulihangaika na maneno ya kwenye menyu, tukawaachia wengine swali la chipu, kana kwamba ni jambo la mbinguni. Mwaka 2007 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa wakuu wa kerneli, alizitangazia kampuni zote duniani kwamba watu wake wataziandikia draiva bure, hata kwa kutia saini mikataba ya kutunza siri; waliojitolea wakawa mamia, wengi kuliko vifaa vilivyoletwa. Nguvu kazi haikuwa tatizo. Kampuni zilikuwa hazina sababu ya kujisumbua.

Google ilipoanza kuuza laptopu za Chromebook mwaka 2011 ilizipa sababu. Inazitaka kampuni za chipu zipeleke draiva zao kwenye kerneli kuu, na kampuni zinazotaka chipu zao ziwemo ndani ya Chromebook zinapeleka. Wala hapakuwa na maandamano. Kulikuwa na agizo la ununuzi na sharti lililoandikwa ndani yake.

Nasi tunazo nyenzo za kuandikia. Tanzania ina mfumo wa manunuzi wa NeST, na Mamlaka ya Serikali Mtandao inayotoa miongozo ya vifaa vya TEHAMA. Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, na mwenzake wa Kenya, CA, hupima na kuidhinisha vifaa vya mawasiliano kabla havijauzwa. Nimesoma zabuni za kompyuta za umma. Zinataja kasi ya kichakato, ukubwa wa diski, hata rangi ya begi. Kuhusu waifai zinaandika neno moja, "iwepo". Naomba maofisa manunuzi waongeze sentensi mbili. Ya kwanza: chipu za waifai, Bluetooth na GPS zitajwe kwa modeli na namba ya utambulisho, na draiva zake ziwe ndani ya kerneli kuu ya Linux siku ya kufungua zabuni. Ya pili: programu za ndani za chipu hizo ziwe zimeruhusiwa kugawiwa na yeyote, kama zile zilizomo kwenye hazina ya linux-firmware. Hata kama vifaa vitaendeshwa na Windows miaka mitano ya kwanza, sentensi hizo ndizo zitakazoamua miaka mitano inayofuata.

Kuna watakaosema sentensi ya pili ni legevu, kwamba programu ya ndani nayo ingepaswa kuwa wazi. Nakubaliana nao moyoni. Debian ilishikilia msimamo huo, ikaondoa vipande vilivyofungwa kwenye kerneli yake kuanzia toleo la Februari 2011, na kwa zaidi ya mwongo mmoja anayeanza aliyetaka kuisakinisha kupitia waifai mara nyingi alikwama hatua ya kwanza. Oktoba 2022 wakamaliza kupiga kura, wakakubali kuviweka kwenye diski ya usakinishaji, na Debian 12 ya Juni 2023 ikatoka navyo. Naona walifanya sahihi. Mtu asiye na mtandao hawezi kusomeshwa uhuru wa programu kupitia mtandao.

Kwa wewe unayekwenda kununua ya mtumba wiki ijayo, mambo ni mepesi zaidi. Beba flashi yenye Linux, na umwombe muuzaji akuruhusu kuiwasha mashine kutoka humo bila kusakinisha chochote. Fungua dirisha la amri, andika lspci -nn, tafuta mstari wenye neno la mtandao. Namba inayoanza na 8086 ni Intel, na kwa kawaida utalala usingizi. Ukiona 14e4, isome modeli vizuri, na ukiona 14e4:4365 omba punguzo au omba nyingine. Kuibadilisha kadi si ghali, ila baadhi ya mashine hukataa kadi ambayo kiwanda hakikuiidhinisha. Kisha jaribu kuunganisha waifai ya simu yako palepale kaunta. Muuzaji akikukatalia, nenda duka la jirani.